Mafiga ya Nafula na Sanamu ya Padre

Watu wa Changamwe wakikusimulia habari hii huanza na sanamu. Wanakosea, maana sanamu ilikuja mwisho. Mwanzo alikuwa mama mmoja muuza uji, mwenye magoti yaliyomwuma kila alipoinama kupuliza moto, na alikuwa amechoka tangu kabla kamati yoyote haijakaa.

Jina lake Nafula, mwenyeji wa Kimilili. Alishuka Mombasa kumfuata mumewe Wekesa, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kilindini, wakapanga chumba ng'ambo ya reli kwa Bi Barke, mwanamke wa Kimvita ambaye nyumba yake ya makuti ilikuwa na wapangaji wengi kuliko vyumba. Mimba ya kwanza ilipokaribia, Nafula alirudi bara kujifungua kwa mama yake. Akajaliwa binti, wakamwita Philister. Kabla mtoto hajajua kukaa, ikafika habari kwamba Wekesa ameshikwa na homa, amekufa, na wenzake wa kazini wameshamzika.

Nafula alirudi na mtoto mgongoni ili aoneshwe kaburi. Wenzake wale walikuwa wametawanyika, huyu kaenda Tanga, yule karudi kwao. Mlinzi wa makaburi, mzee wa watu ambaye hakuwa na ubaya wowote, alinyoosha mkono akauzungusha juu ya uwanja mzima wa majani, akasema, "Ni upande huu huu, mama." Nafula alisimama akayalilia majani yote kwa pamoja, kwa kuwa hakujua amlilie nani wapi. Habari hiyo hakumwambia mtu. Mtoto alimrudisha kwa bibi yake Kimilili, yeye akabaki Changamwe kutafuta riziki.

Riziki yenyewe ilikuwa uji. Wimbi alilitoa kwao, ukwaju aliupata huku, na akavichanganya vikapatana. Aliketi pembeni mwa ukuta wa kanisa, pale barabara inapopinda kuelekea Makupa, kwa sababu wachukuzi wa bandarini na watu wa reli wote walipita hapo alfajiri na matumbo matupu. Siku moja askari wa munisipali akalipiga teke sufuria lake. Uji ukamwagika barabarani unatoa moshi, na Nafula akabaki ameshika mwiko.

Hapo ndipo Padre Anselmi alipotoka. Alikuwa katikati ya kunyoa, shavu moja lina povu na jingine halina, kanzu kaifunga vifungo visivyofuatana. Alikuwa mzungu mrefu mwembamba, na alipokasirika Kiswahili chake kilimkimbia. Akamwambia askari, "Huyu mama iko kwangu. Ukuta yangu, mama yangu, uji yangu. Wewe nenda!" Askari akaenda. Watu walicheka wakarudiarudia maneno hayo mwaka mzima, na hakuna aliyekuja kumgusa Nafula tena.

Siku hiyo hiyo Padre alimwonesha mawe magumu ya Mazeras yaliyosalia kwenye ujenzi wa ukumbi, akamwambia ajichagulie mafiga. Alitaka kumbebea. Nafula akamkatalia, kwa sababu mwanamke huyapanda mafiga yake mwenyewe. Akayapanda, akayashindilia udongo, na kuanzia hapo pakawa pake. Hapakuwa na cheti wala kibali. Palikuwa na neno la Padre tu, na wakati huo neno la Padre lilimtosha kila mtu.

Kila asubuhi baada ya Misa Padre alikuja kunywa uji amesimama pamoja na wachukuzi. Kila asubuhi aliunguza ulimi. Alilalamika kwamba ukwaju umezidi, akanywa, akaongeza, na kikombe chake cha bati alikiweka juu ya ukuta, mahali pale pale. Halafu alipanda kigari chake kibovu akaenda kutafuta wagonjwa wa kupeleka hospitali, Mkristo, Mwislamu, na asiye na dini. Kukiwa na msiba kwa Waislamu aliketi mkekani na miguu yake mirefu ameikunja hata unamwonea huruma. Kulipokuwa na mgomo bandarini alimwomba Nafula apike sufuria kubwa, na wagomaji wakanywa bila kuulizwa kitu. Kiduruma alikisema vibaya mno, na Waduruma walimpenda kwa ubaya huo huo. Bi Barke, ambaye hakuwahi kuvuka mlango wa kanisa maishani mwake, alikuwa akisema, "Yule Padiri, lau angesilimu, wallahi ningemtafutia mke."

Ukimwuliza Nafula miaka hiyo anafanya nini Mombasa, angekwambia anamngoja Philister. Mama yake alikuwa anazeeka, macho yanaingia giza, na mtoto alikuwa amefika umri wa shule. Nafula alikuwa amekata shauri: mavuno yakiisha, Philister atashuka kwa treni, atalala naye chumba kimoja kwa Bi Barke, na atasoma shule ya misheni. Padre alishamwambia, "Lete mtoto, dawati iko." Kwa hiyo sufuria lile ndilo lililokuwa linamleta Philister, na Nafula alipokoroga uji hakuwa na wazo jingine kichwani.

Kisha Padre akaenda likizo kwao Ulaya. Alikuwa amekonda, anakohoa, na watu wakajipa moyo kwamba baridi ya kwao itamrudishia nguvu. Aliahidi kurudi kabla ya masika. Masika ikaja bila yeye. Jumapili moja padre mpya, kijana msafi aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi, alisimama akatangaza kwamba Padre Anselmi amefariki na amezikwa kijijini kwao. Kanisa zima likalia. Hata nje ya madirisha walisimama wachukuzi wasio Wakristo, wamevua kofia.

Kesho yake asubuhi Nafula aliwasha moto kama kawaida. Uji ulipoiva, akamimina kikombe cha kwanza akakiweka juu ya ukuta, mahali pa Padre. Kwao mtu akifa haachwi njaa siku ile ile kana kwamba hakuwahi kula nanyi. Hakuwa na nia nyingine. Jumaa, Mdigo mmoja mchukuzi aliyekuwa mteja wake wa kila siku, alikiona kile kikombe akaelewa, akasema, "Mola amrehemu," akanywa chake kimyakimya.

Nafula akaendelea hivyo kila asubuhi, na watu wakaona. Mmoja akaleta asumini akaitia kando ya kikombe. Mwingine akawasha mshumaa. Kina mama wa Kiduruma waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakaanza kusimama, kumtajia Padre shida zao, na kudondosha tone la tembo la mnazi chini ya ukuta kama wanavyowafanyia wazee wao waliotangulia. Hata mashemasi wa kanisa walipopita walipunguza mwendo. Asubuhi Nafula alifagia nta na maua makavu kabla ya kuwasha moto, na hakulalamika. Aliona ni vizuri kwamba Padre hajasahauliwa. Angejua kwamba kile kikombe ndicho kitakachomng'oa pale, sijui kama angekimimina. Mimi nadhani angekimimina tu, maana ndivyo alivyokuwa, lakini angeomboleza mapema.

Aliyechomwa na lile tembo alikuwa katekista, Mwalimu Erastus, Mtaita. Alikuwa mtu mwema, na lazima niliseme hilo kwa kuwa nitamsema vibaya mbele. Ugonjwa wake mmoja ulikuwa mikutano. Erastus akiona jambo lolote, hata bomba linavuja, aliitisha kamati. Akaitisha. Akasema pembeni mwa ukuta wa kanisa panageuka mahali pa matambiko, na dawa yake ni kuwapa watu ukumbusho wa Kikristo, sanamu ya Padre mwenyewe, juu ya nguzo, yenye jina lake. Wote wakaafiki. Mchango ukapita mitaani, na Waislamu wakatoa kama Wakristo. Nafula naye alitoa. Nani angekataa kumchangia Padre?

Fundi mmoja wa kisiwani akaifinyanga sanamu kwa saruji. Haikufanana na Padre hata kidogo. Ilikuwa nene, imetulia, vifungo vyote vimefungwa sawasawa. Lakini ilikuwa na kanzu na pua ndefu, watu wakaikubali kwa mapenzi.

Suala la mahali pa kuisimamisha halikuichukua kamati muda. Mahali palikuwa panajulikana. Watu wenyewe walishapachagua kwa maua yao na mishumaa yao: pale pale penye kikombe. Kwamba chini ya kikombe pana sufuria, na nyuma ya sufuria pana mtu, kila mwanakamati alilijua, na kila mmoja alidhani ni jambo dogo ambalo mwenzake ameshalizungumza na mwenyewe. Nafula alizipata habari kwa Jumaa, naye Jumaa alizipata bandarini.

Erastus alipokuja hatimaye, alikuja na tabasamu. "Mama Philister, hii ni heshima kubwa kwako. Katika Changamwe yote, Padre atasimama mahali pako."

"Na mimi nitasimama wapi, Mwalimu?"

"Tumekufikiria. Nyuma ya ukumbi pana kivuli kizuri."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na kivuli, ndiyo, na vyoo vya shule, na hapakupita mtu yeyote mwenye njaa. Nafula hakujibu. Alichukua mwiko akakoroga, na Erastus akauchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo.

Akamleta fundi wa mawe, Ruwa, Mrabai mwenye mabega mapana na maneno machache, pamoja na vibarua wake, wachimbe msingi. Walifika mchana Nafula akiwa ameshakwenda sokoni kutafuta ukwaju. Ruwa aliushusha mtaimbo begani, akayaona mafiga, akainama akayagusa. Yalikuwa bado na joto.

"Haya ya nani?"

"Ya yule mama wa uji," akasema Erastus. "Yang'oeni tu, muanze."

"Yu hai?"

"Yu hai, kwani vipi?"

"Basi na aje ayatoe mwenyewe." Ruwa akaurudisha mtaimbo begani.

Erastus akapandisha sauti. Akasema haya ndiyo mambo ya giza aliyokuwa akiyapiga vita, na kwamba Ruwa amebatizwa kwa mkono wa Padre Anselmi mwenyewe. Ruwa akasikiliza mpaka mwisho. "Nimebatizwa, Mwalimu. Lakini mafiga ya mtu huondolewa na mwingine akishakufa. Mimi sitamfanyia mama wa watu hivyo akiwa hai. Ningefanya, mamangu hangenipokea nyumbani." Vibarua wote wakaweka mikono nyuma.

Erastus aliunyakua mtaimbo mwenyewe. Akauelekeza chini ya jiwe la kwanza, akainama, akakaa hivyo kitambo. Kisha akainuka, akajipangusa jasho, akasema jua limekuwa kali. Naye alizaliwa na mama aliyekuwa na mafiga, huko Utaita, na mambo mengine hayatoki mwilini kwa kusomea.

Basi jambo zima, sanamu, mchango, na siku iliyokwisha kutangazwa ya kuifunua, likawa linamngoja Nafula. Kamati ikamwendea, wamekaa barazani kwa Bi Barke kwa adabu zote. Wakamweleza. Nafula aliwasikiliza mikono iko mapajani, halafu akasema neno moja, "Siyatoi."

Wakaaga, wakaondoka.

Hapo ndipo uchovu wake ulipoanza hasa. Hakuna aliyemtukana. Lau wangemtukana angejua la kufanya. Wanawake wa kanisa walimsalimia haraka haraka wakapita. Padre mpya alihubiri juu ya kujinyima, na ingawa hakumtazama, watu wengine wote walimtazama. Sanamu ililazwa kwenye ukumbi imefungwa magunia, miguu ya saruji inachungulia, na kila aliyepita akauliza, "Padre atalala hapa mpaka lini?" kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye sufuria. Wateja wa kanisani walipungua. Kina Jumaa walibaki, lakini nao walikunywa macho yakiwa ukutani, hawana raha. Nafula alirudi chumbani kila mchana akajitupa kitandani na viatu, anasikia mgongo unamwaka moto, hana hata hamu ya kuonja chakula.

Bi Barke alimjia chumbani siku moja na sinia la mihogo.

"Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba, mwanangu. Inuka ule. Ukifa na njaa hao watakuchongea sanamu na wewe." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ndoo kwangu upike barazani. Sitaki kitu."

"Ahsante, Bi Barke. Lakini huku ng'ambo ya reli nani atapita? Watu wa bandarini wote wapita kule."

"Ni kweli." Bi Barke alimsogezea sinia. "Padiri alikuwa mtu, haki ya Mungu. Lakini alikupa mahali kwa mdomo, akenda zake. Yeye hakukosea, hakujua atakufa. Wewe nawe hukukosea. Waona ilivyo nzito? Hakuna wa kulaumiwa, na wewe ndiye uliye na kitwa kinachouma."

Nafula alikula mihogo kumridhisha. Alikuwa amepiga moyo konde: atakaa pale mpaka Philister afike. Mavuno yalikuwa yamekaribia. Mtoto akishaingia darasani, basi, wataweza kumtoa mama yake.

Kisha akaja Kadzo.

Alikuwa mwanamke mtu mzima kutoka vijiji vya nyuma ya Mazeras, amevaa hando la marinda kiunoni, miguu imejaa vumbi la njia nzima. Nafula alikuwa peke yake na sufuria, wateja wa kwanza hawajafika.

"Mwanangu," akasema Kadzo, "wameniambia Padre yuko hapa."

"Hayupo hapa, mama. Alizikwa kwao, Ulaya."

"Ulaya siwezi kufika." Alisema bila masikitiko, kama mtu anayekwambia daraja limevunjika. "Nimeambiwa ni hapa, kwenye ukuta." Akakiona kikombe na maua. Akasema, "Aaa, ni hapa," akaketi chini mbele ya mafiga, karibu na moto hata Nafula hakuweza kulifikia sufuria bila kumruka.

Akaanza kuzungumza na Padre kwa lugha yake. Nafula alikuwa amejifunza Kiduruma cha kuuzia uji, kwa hiyo aliyafuata maneno. Kadzo alimwambia Padre kwamba yule mtoto uliyempeleka hospitali ya Port Reitz usiku wa mvua, gari likakwama, ukambeba, yule mtoto yu hai. Ameota ndevu. Ameoa. Nimekuja kukwambia ameoa. Nilichelewa, shamba lilinishika, na magoti haya. Usione nimekusahau. Akaendelea hivyo polepole, hana haraka na mtu, mara akicheka kidogo, mara akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Uji ukaanza kushika chini. Nafula aliusikia ukinuka moshi, na mara ya kwanza tangu aanze biashara ile hakuukoroga. Alisimama na mwiko mkononi. Mbele yake aliuona ule mkono wa mlinzi wa makaburi ukizunguka hewani juu ya majani. Miaka yote ile alikuwa na maneno ya kumwambia Wekesa, kwamba mtoto ni msichana, kwamba ana paji lake la uso, kwamba anaimba, na hakuwahi kuyasema kwa kuwa hapakuwa na pa kuketi akayasema. Siku ile makaburini angetoa chochote mtu amwoneshe jiwe moja amwambie ni hapa. Hata kwa uongo. Angeuamini uongo huo akashukuru.

Sasa palikuwa na mahali hapo, na aliyekuwa amepakalia ni yeye na sufuria lake.

Kadzo alipomaliza aliinuka kwa shida, akashukuru, akaomba radhi kwa uji ulioungua. Nafula alimpa kilichokuwa juu, kisichoungua. Alipokwenda, Nafula alikaa chini akalia kwa hasira. Alimkasirikia Kadzo kwa kuja, alimkasirikia Padre kwa kufa mbali, na alijikasirikia mwenyewe kwa sababu alishajua atafanya nini, na lilikuwa jambo ambalo hakulitaka.

Mchana akamwendea Erastus shuleni. "Jumapili baada ya Misa nitayatoa. Lakini sitaki hotuba."

Erastus alimshika mikono miwili, machozi yanamlengalenga, akaahidi hapatakuwa na hotuba. Jumapili ilipofika alitoa hotuba. Kanisa lote lilitoka likajipanga pembeni mwa barabara, na wasio wa kanisa nao wakaja, na yeye akaeleza maana ya kujitoa mpaka jua likawa utosini. Nafula alisimama na gauni lake la Jumapili, jembe dogo mkononi, akingoja amalize.

Kisha akapiga magoti akaanza kuchimba. Mawe yalikuwa yamezama kuliko alivyokumbuka. Udongo ulikuwa mgumu kwa miaka ya moto na majivu, na jembe lilitoa cheche. Alichimba kwa jembe, akachimba kwa vidole. Watu wakamwonea huruma, mmoja akapiga hatua mbele, akakumbuka, akarudi. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Ruwa mwenye mabega yale alisimama kando anatazama chini, ngumi amezikunja, na ilionekana wazi kwamba angependa kuyabeba yote matatu mara moja na hawezi.

Jiwe la kwanza likatoka. Akalikumbatia kifuani, masizi yakamchafua gauni, akalipeleka hadi nyumbani kwa Bi Barke, akarudi. Akatoa la pili, akalipeleka, akarudi. Njia haikuwa ndefu kwa mtu asiye na mzigo. Watu walikuwa wangali wamesimama, jua linawachoma, hakuna aliyethubutu kuondoka.

Alipoling'oa la tatu, pakabaki shimo tupu lenye majivu. Kina mama wakapiga vigelegele. Erastus, kwa furaha na kwa uchungu, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akaanzisha wimbo. Watu wakaupokea kwa sauti zote. Ulikuwa ule wimbo tunaouimba jeneza linapotolewa kanisani, ndio uliomjia mdomoni kwa kuwa alikuwa anamfikiria Padre.

Nafula alisimama na jiwe kifuani. Akageuka.

"Mwalimu, mnamwimbia nani?"

Wimbo ukafa nusu. "Tunamwimbia Padre, Mama Philister."

"Padre alishaimbiwa kwao." Sauti yake haikuwa kubwa. "Anayetolewa hapa leo ni mimi. Na mimi sijafa. Niacheni nipite."

Wakampisha. Hakuna aliyeimba tena. Kwenye reli Bi Barke alikuwa amesimama na buibui lake anamngoja, naye hakuligusa jiwe. Alimfuata ubavuni tu, polepole, mpaka mlangoni.

Sanamu ilifunuliwa miezi michache kabla ya Uhuru, mbele ya wageni na bendi ya shule, na mpaka leo watu huketi pale wakasema na Padre. Siku ya kuifunua, mstari wa mbele, kiti kimoja kilichotengwa kwa Nafula kilikuwa wazi. Erastus alikuwa amekiwekea kitambaa cheupe, na kila mara alikigeukia. Kabla ya hapo Nafula alikuwa amejaribu kupika barazani kwa Bi Barke, na wanywaji walikuwa Jumaa, siku ambazo Jumaa aliweza kuzunguka njia. Akaacha. Akapata kibarua cha kufua nguo kwenye nyumba za wakubwa Port Reitz, ambako mtumishi hulala pale pale na haruhusiwi kuwa na mtoto.

Jioni ya siku ile ya sherehe alikwenda stesheni na nguo yake ya kazi, mikono bado imenyauka kwa sabuni, kumtafuta mtu wa Kimilili aliyekuwa anapanda treni. Akampa kifurushi cha sukari kwa ajili ya mama yake, na gauni la shule alilokwisha kumshonea Philister, alivae huko huko kabla halijambana.

"Waambie mtoto asije kwanza," akasema.

"Lo! Na alivyokwisha kufunga kisanduku chake. Akiniuliza kwa nini, nimwambie nini?"

Nafula alifikiri. Kutoka upande wa kanisa bendi ilikuwa bado inapiga.

"Mwambie pale nilipokuwa nimemwekea, amekaa mtu mwingine," akasema. "Mtu mzuri. Asimchukie."